Kuzuru Kanisa la Mkunazini, Unguja, kwa utulivu: tuanzie wapi na tumalizie wapi

Wanajamvi, assalaam alaykum, na wasiokuwa Waislamu nawasalimu kwa heshima zote.

Nimezaliwa Mji Mkongwe, katika mtaa ambao ukitoka mlangoni kwetu hutembei dakika tano ukafika Kanisa Kuu la Kristo, ambalo sisi wenyeji tunaliita tu Kanisa la Mkunazini. Mnara wake nimeuona tangu sijaanza chuoni. Pamoja na hayo nilifikia umri wa miaka arobaini na tatu bila kuukanyaga uwa wake, si kwa chuki wala kwa katazo la mtu, bali kwa sababu jambo lililo mlangoni mwako mara nyingi hulipi siku yake. Aliyenipeleka ni mama mmoja mtu mzima kutoka Masasi, mzazi wa mwalimu mwenzangu, ambaye mwezi wa Agosti alivuka bahari kwa mara ya kwanza katika umri wake wote. Nilipompokea bandarini Malindi na kumwamkia, aliitikia, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, mimi sikuja kutembea. Nimekuja kuzuru." Neno hilo alilitamka kama tunavyolitamka sisi tunapokwenda makaburini kuwarehemu wazee wetu, na tangu hapo nikajua kwamba safari yetu haitakuwa ya kitalii.

Naandika uzi huu kwa ajili ya wasafiri wa Kiswahili wanaokusudia kufika mahali hapo, wawe Wakristo wanaokwenda kuhiji au watu wa dini nyingine wanaotaka kuijua historia. Nimewaona wengi wakiingia na kutoka kwa nusu saa, wameteremka kwenye vyumba vya chini vinavyosemwa kuwa walifungiwa watumwa, wamepiga picha na minyororo, wakaondoka. Nasi siku ya kwanza tulifanywa hivyo hivyo, na najutia.

Tulipokaribia geti alitukimbilia papasi mmoja, yaani mtu anayejipa kazi ya kuwaongoza wageni, ambaye hatukumwita. Kabla sijamweleza kuwa mama ana miguu mizito na safari ya boti imemchosha, alikwisha kutuongoza hadi kwenye ngazi za vyumba vile. Mle ndani paa ni la chini mno hata mtu mrefu huinama, pande zote kuna majukwaa ya mawe, na mwanga unapita kwenye nyufa nyembamba za ukuta. Papasi akaanza kutusomea hesabu za watu waliobanwa humo, kwa sauti ya mtu aliyeikariri habari akaichoka. Mama alisimama kidogo, akaweka kiganja ukutani, kisha akauliza, "Kanisani ni wapi?" Akajibiwa kwamba kanisani ni baadaye. Akasema, "Hapana, mwanangu, ni sasa," akageuka, akashika ngazi mwenyewe.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo wa mama: anzeni kanisani. Mkihitaji mtu wa kuwaongoza, mchukueni mwongozaji mwenye kitambulisho pale pale ndani, mpatane naye mapema, mumwambie mnataka kwenda taratibu. Na mkiwa mmekuja kusali, semeni hivyo tangu getini.

Kwa wasioijua habari yenyewe, kanisa hili limesimama juu ya lililokuwa soko kubwa la watumwa la Unguja. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said, baada ya kushinikizwa sana na Waingereza kupitia balozi wao John Kirk, alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kuyafunga masoko yao. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, waliohamia Unguja mwaka 1864 baada ya kushindwa katika nchi ambayo leo ni Malawi, walikipata kiwanja cha soko, sehemu yake ikiwa zawadi ya mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873 jiwe la msingi likawekwa, na Krismasi ya 1877 ibada ya kwanza ikafanyika humo ingawa jengo lilikuwa halijakamilika. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu mwaka 1874, na vifaa vyake vilikuwa mawe yetu haya haya ya matumbawe, yakasagwa na kuchanganywa na saruji hata kwa paa. Ukiingia, tazama juu. Paa hilo limejipinda kwa tao moja refu kutoka mwanzo hadi mwisho bila boriti hata moja, na wakati linajengwa wapo waliosema litaanguka. Bado lipo.

Mama alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Aliketi kwenye benchi la nyuma kabisa muda mrefu, nami nikaketi ubavuni pake. Harufu ya ubani ilikuwa imebaki hewani, ubani ule ule unaofukizwa nyumbani kwetu siku ya khitma, na jambo hilo dogo lilinituliza moyo, maana nilikuwa naona kama nimeingia mahali nisipopajua adabu zake. Kisha akainuka, akaenda mbele.

Mbele ya altare, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na marumaru nyekundu. Mapokeo ya kanisa ni kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko mbele ya wanunuzi, na wekundu ule ni ukumbusho wa damu yao. Watalii wawili walikuwa wamelikanyaga duara lenyewe, wakipigana picha. Mama alingoja mpaka wameondoka. Hakulikanyaga. Alichutama pembeni, akaweka kiganja juu ya jiwe jeupe, akakiacha pale kama mzazi anavyompima homa mtoto aliyelala. Halafu akatoa kwenye pindo la kanga karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, na majina kumi na moja yameandikwa kwa kalamu ya risasi. Akayasoma moja moja, kwa sauti ya chini, na baada ya kila jina alitua. Baadaye aliniambia kuwa hao ni wazee wa ukoo wake na wa majirani zake wa Masasi, na kwamba alitumwa awafikishe.

Hapo ndipo nilipouliza, kwani nilikuwa sijui. Masasi ya Kikristo ilianzia Unguja. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwachukua watu walioachwa huru, waliokuwa wakikaa Mbweni kusini mwa mji, wakasafiri kwa merikebu hadi Lindi, na kutoka Lindi wakaenda kwa miguu. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na walikotekwa, upande wa ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakaona ardhi ni nzuri na wakaomba wakae papo hapo. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, kijiji chao kikavamiwa na Magwangwara, yaani Wangoni, baadhi yao wakatekwa tena. Mama anaisimulia habari ya Magwangwara kama mambo ya juzi. Kwa hiyo aliposimama kwenye duara lile hakuwa mgeni. Alikuwa amerudi mahali ambapo watu wake waliuzwa, na ambapo pia njia yao ya kurudi nyumbani ilianzia.

Nyuma ya altare yupo Steere mwenyewe, kwani alifariki Agosti 1882 akazikwa humo. Naomba niseme jambo linalonihusu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili skuli ya sekondari, na kazi hiyo nimeifanya kwa miaka kumi na saba. Nimewasomesha wanafunzi kwamba Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, kwamba uamuzi ulifikiwa Mombasa mwaka 1928 na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Lakini mtu aliyechapisha sarufi ya Kiunguja mwaka 1870, na mwaka huo huo akachapisha hadithi alizosimuliwa na watu wa mji huu, na baadaye akaongoza kazi ya kufasiri Agano Jipya, mtu huyo amelala umbali wa dakika tano kutoka kitandani kwangu na nilikuwa sijawahi kusimama mbele yake. Nilisimama siku ile. Niliwakumbuka pia wasimulizi wake, wazee wa Unguja ambao maneno yao ndiyo yaliyojaza vitabu vile, na vijana wa misheni waliopanga herufi za risasi kwenye mashine ya kuchapia. Mtu yeyote anayesoma maandishi haya kwa Kiswahili ana haki ya kusimama pale hata kama si Mkristo.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia kabla ya kutoka. La kwanza ni msalaba mdogo wa mbao uliotundikwa kwenye nguzo, uliochongwa kutokana na mti wa mpundu wa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, ambao moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake alipofariki tarehe 1 Mei 1873. Hakuishi kusikia habari za kufungwa kwa soko, lililofungwa mwezi mmoja tu baadaye. La pili ni nguzo fupi za upande wa mlango wa magharibi, ambazo zimesimama kichwa chini: mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa hayupo, na aliporudi akaziacha. Mama alizigusa zote akitabasamu. Alisema anayapenda makosa yale kwa kuwa yanaonyesha waliojenga ni watu, si malaika.

Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watumwa watano waliosimama, shingoni wamefungwa mnyororo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mnyororo ni wa enzi hizo hizo, si wa kuigiza. Usiusogelee kwa haraka. Ukitazama vizuri utaona kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayemtazama mwenziwe. Karibu yake ni jengo la Mtakatifu Monika, ambalo ndani yake kuna maonyesho ya historia ya utumwa Afrika ya Mashariki, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na vyumba vya chini nilivyovitaja. Maonyesho yale mnapaswa kuyapa saa nzima. Vyumba viendeeni mwisho, na sababu yake nitaieleza chini mtu akiuliza.

Siku ya pili tulikwenda Mbweni, na hili ndilo ombi langu kubwa kwa wasafiri: msiishie Mkunazini. Mkunazini ni mahali pa kuuzwa. Mbweni ni mahali ambapo watu wale wale walipewa kiwanja, wakajenga vibanda, wakalima, wakaoana, wakawapeleka watoto skuli. Misheni ilinunua shamba hilo mwaka 1871. Skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray, leo ni magofu yaliyoota mizizi juu ya kuta. Kanisa la Mtakatifu Yohana, la mwaka 1882, lingali linasaliwa, na makaburi yapo uwani. Hakuna foleni, hakuna papasi, pana upepo wa bahari tu. Tulikuta mlango umefungwa. Mama akakaa juu ya kizingiti, akala andazi nililomchukulia kutoka Darajani, akawa anaitazama njia inayoteremka pwani. "Walipita hapa," akasema. "Na mizigo yao kichwani." Hakusema zaidi, nami sikumsemesha.

Karibuni kwa maswali na michango.

*

Mchangiaji kutoka Tanga:

Mwalimu, nakushukuru. Mimi ni wa Muheza, kwetu Magila pia ni zao la misheni hiyo hiyo, na bibi yangu alikuwa akiitaja Mkunazini kama wengine wanavyoitaja Yerusalemu. Umesema sababu ya kuviacha vyumba vya chini mpaka mwisho utaieleza. Je, ni kweli kwamba si vya watumwa?

Mleta uzi:

Nitajibu kwa uangalifu, kwa sababu najua kuna wanaoishi kwa kazi ya kuvionyesha na sitaki kuwaharibia riziki. Jengo la Mtakatifu Monika lilijengwa na misheni kama hospitali, baada ya soko kufungwa. Kwa sababu hiyo wapo wanahistoria wanaosita kukubali kwamba vyumba vya chini yake vilikuwa maghala ya watumwa, nao huona kuwa huenda vilikuwa stoo za hospitali. Wengine hushikilia simulizi kwamba vilikuwepo kabla na jengo likajengwa juu yake. Mimi sioni kwamba imani ya mtu inapaswa kutegemea ubishi huo. Kwamba soko lilikuwa pale halina shaka, na kwamba watu waliletwa kutoka Kilwa wamebanwa ndani ya majahazi mpaka wengine wakafa njiani halina shaka. Ninachokataa ni msafiri kuondoka na picha ya vyumba peke yake, akaliacha duara la marumaru na maonyesho, ambayo ndiyo yenye maelezo yaliyofanyiwa kazi. Ukienda mwisho, unakwenda ukiwa na maarifa ya kupima unachoambiwa.

Nawe wa Magila una sehemu yako pale. Kumbuka John Swedi, mmoja wa vijana watano waliookolewa kutoka jahazini na kukabidhiwa kwa Askofu Tozer, mtangulizi wa Steere, mwaka 1864, aliyepewa ushemasi mwaka 1879. Kumbuka na Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni, akasoma Kiungani, chuo cha misheni hapa Unguja, akawa padri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo, kisha akahudumu Chitangali, upande wa Newala. Kwa maoni yangu waongozaji wangeanza na hao wawili kabla ya kumtaja Livingstone, ambaye kwenye soko lile alikuwa mpita njia.

*

Mchangiaji kutoka Wete:

Assalaam alaykum mwalimu. Nimeusoma uzi wako wote na sina ugomvi nao, ila kuna jambo linanikera. Nilipokwenda pale na wageni wangu, mwongozaji alizungumza kana kwamba utumwa ni kazi ya dini moja na kabila moja, na wageni wakawa wananitazama mimi na kofia yangu. Je, Muislamu wa visiwa hivi aingie pale kama nani?

Mleta uzi:

Wa alaykumu ssalaam ndugu yangu. Swali lako ni zito na nililiwaza usiku mzima kabla ya kuja kujibu.

Kwanza, kuingia hakuna tatizo; unapokelewa kama mtu mwingine yeyote. Ama habari ya lawama, ukweli ni mpana kuliko alivyosema mwongozaji wako. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa kwa mikono ya watumwa, na wenye mashamba wengi walikuwa Waomani na Waswahili, watu wa dini yetu, hilo tusilikwepe. Lakini visiwa vya sukari vya Wafaransa, Mauritius na Réunion, vilinunua watu kutoka pwani hii tangu karne ya 18. Fedha za misafara zilikopeshwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Barani, watu walitekwa na kuuzwa na machifu na wafanyabiashara wa Kiafrika. Na Waingereza waliojisifu kwa kulifunga soko waliuacha utumwa wenyewe uendelee kisheria mpaka 1897, tena wakawabakisha masuria mpaka 1909. Kwa hiyo kati ya 1873 na 1897 mtu aliweza kusali ndani ya kanisa lile asubuhi, na jioni akarudi mjini ambamo jirani yake bado ni mali ya mtu. Kisiwani kwenu, baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, kazi ya karafuu ilizidi kuhamia Pemba, na unajua vizuri ilifanywa na nani.

Nilimwuliza mama wa Masasi jambo hili, tukiwa tumekaa barazani kwetu baada ya isha, kwa aibu kidogo. Yeye ni Myao. Alinyamaza, kisha akanijibu kwamba katika yale majina kumi na moja kuna mzee mmoja ambaye aliuzwa na mjomba wake, kwa sababu ya deni la bunduki, na kuna mwingine ambaye, kabla hajatekwa yeye, alikuwa akiteka wenzake. "Nimewasoma wote," akasema. Tangu hapo sijapata jibu bora la swali lako. Uingie kama mtu mwenye wazee. Wengi wetu hapa visiwani, tukiulizana asili kwa ukweli, tuna bibi au babu aliyepitishwa pale, na wengi wao walikufa Waislamu. Mimi niliwasomea Fatiha, kimoyomoyo, nikiwa nimesimama karibu na lile shimo la sanamu, na sikuona kwamba nimekosea popote.

*

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Tunakuja Disemba kwaya nzima, watu ishirini na wawili, wakiwemo wazee wawili wenye matatizo ya magoti. Naomba ya kujiandaa.

Mleta uzi:

Karibuni sana. Andikeni mapema kwa ofisi ya kanisa mkieleza kuwa ni kwaya na mnakuja kuabudu. Jumapili asubuhi kanisa ni la waumini wake, na ni vyema mkasali nao kuliko kuja na kamera. Kila mtu achukue kitambulisho chake, muulizie kiingilio cha Mtanzania. Wazee wenu kanisani wataingia bila shida kubwa, lakini ngazi za vyumba vya chini ni za mwinuko na paa ni la kuinama, wasiteremke. Mabega na magoti yafunikwe, si ndani tu bali mtaani kote, kwani mji huu ni wa watu wanaokaa. Kutoka Mkunazini hadi Mbweni ni mwendo mfupi kwa gari. Kodisheni dala moja la siku nzima, mkubaliane bei kabla hamjapanda. Na mkipata nafasi pitieni Minara Miwili, kanisa kuu la Wakatoliki kule Baghani, ambalo Wafaransa walilijenga miaka ya 1890.

*

Mchangiaji kutoka Bagamoyo:

Naongeza kidogo tu. Atakayemaliza Unguja avuke huku. Misheni ya Wakatoliki ilianza hapa mwaka 1868, na ilikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa kama hicho cha Mbweni. Februari 1874 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao waliufikisha hapa mwili wa Livingstone, baada ya kuubeba miezi kadhaa kutoka kwa Chitambo, ukalazwa misheni kabla ya kupelekwa Unguja na kisha Uingereza. Aliyeuona msalaba wa mpundu Mkunazini ataielewa Bagamoyo kwa namna nyingine.

Mleta uzi:

Ahsante sana. Jacob Wainwright, mmoja wa wenzao hao, naye asisahauliwe: ndiye aliyesoma sala za maziko kwa Chitambo na kuchora maandishi kwenye gome la mti ule ule.

*

Mchangiaji kutoka Mtwara:

Mwalimu, hukuweka picha hata moja. Sisi wa huku kusini tungependa kuwaona mama yetu na lile duara.

Mleta uzi:

Mama hakutaka kupigwa picha, na simu yangu niliiacha mfukoni siku zote mbili. Lakini baada ya kusoma ombi lako nilirudi Mkunazini jana baada ya alasiri, nikapiga picha ya duara peke yake, bila mtu, nikamtumia mjukuu wake amwonyeshe. Jioni akanipigia mama mwenyewe. Alishukuru, akaniuliza hali ya watoto, kisha akasema kwamba duara anakumbuka lilivyo, halimtoki. Anachoomba ni picha ya ile njia ya Mbweni inayoteremka pwani, kwa sababu Jumapili watakutana kanisani kwao Mtandi na anataka wajukuu waone wazee wao walipoanzia safari. Nimemwahidi. Naondoka kesho baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, na nikirudi nitaiweka hapa pia.